Mgongo wa gita umedidimia na kupasuka: je, kosa ni mpangilio wa fito?

"Mimi ni fundi seremala hapa Uyole, Mbeya. Kazi yangu ni vitanda na makabati, lakini kwa miaka mitatu sasa natengeneza pia magita ya nyuzi za chuma kwa ajili ya wanakwaya. Gita la tatu nililifunga mwezi wa tatu mwaka huu. Mgongo ni wa mninga, unene milimita 3, na ndani niliweka fito mbili zilizopishana kama herufi X, kwa kuiga picha ya gita la nje niliyoiona kwenye simu. Lilikuwa zuri mpaka mwezi wa nane. Hapo mgongo ukaanza kudidimia, na Septemba nikakuta ufa wa urefu wa kiganja upande wa chini. Tena uzi wa tatu ukipigwa wazi, sauti inatoka kwa nguvu halafu inakufa ghafla. Fundi mmoja ameniambia mgongo hauna kazi yoyote kwenye sauti, niweke fito nene zozote. Mwingine anasema mgongo ndio spika ya gita. Nifuate mpangilio upi? Na je, paini ya shamba la miti la Sao Hill, Mafinga, inafaa kwa fito?"

Kamwene, fundi. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikanasa kwenye maneno mawili tu: "mwezi wa tatu". Mpangilio wa fito tutauzungumza, tena kwa kirefu, maana nao una kasoro zake. Lakini X haikuupasua mgongo wako. Hata ungeweka fito nne au sita, mgongo uliogundishwa Mbeya katikati ya mvua bila kukaushwa kwanza ungedidimia tu ifikapo Agosti.

Wewe ni seremala, kwa hiyo unaujua mlango unaokwama masika halafu kiangazi unafungika wenyewe. Mlango huo umepungua upana, haujapungua urefu. Mbao ikipoteza unyevu husinyaa kwa kukatisha nyuzinyuzi zake; kwa kufuata nyuzinyuzi, karibu haibadiliki. Sasa tazama ndani ya gita lako. Nyuzinyuzi za mgongo zinatoka shingoni kwenda mkiani, na fito zinazikatisha. Mgongo una upana wa sentimita 40 hivi sehemu ya chini, na kati ya masika na Septemba unataka kupungua milimita moja, pengine mbili. Ufito hautaki kupungua, kwa sababu urefu wake ndio unaofuata nyuzinyuzi. Mmoja anavuta, mwingine hasogei, na gundi imewafunga pamoja. Kinachofuata ni kupinda. Upande unaosinyaa ndio unaokaa ndani ya upindo, kwa hiyo mgongo unaingia ndani kama sahani. Ukifika mahali hauwezi kupinda zaidi, unapasuka. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo sana, na nadhani ndiyo maana ulivumilia mpaka Septemba.

Ukutani mwa karakana yangu hapa Kihesa, Iringa, kuna kipande cha mbao kinachoning'inia, kirefu kama kiganja na nusu na upana wa vidole viwili. Ni vipande viwili vyembamba vya saipresi, kila kimoja milimita moja na nusu, vimegundishwa pamoja: kimoja nyuzinyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kingine zinakwenda kwa upana. Juu kimefungwa, chini kiko huru. Februari ncha yake ya chini inaelekea dirishani. Septemba imegeuka kabisa, inaangalia mlangoni. Nyuma yake nimechora alama za penseli ukutani, miaka kadhaa sasa, na ncha ikiwa katikati ya alama hizo ndipo ninapogundisha fito. Mgongo wa gita lako ni kipande hichohicho, ila ni kikubwa na kimezuiwa pembeni kisicheze.

Kukitengeneza ni kazi ya nusu saa, na ningependa ukitengeneze kabla ya gita la nne.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Gita langu la pili lilikuwa limekaa kabatini likisubiri mteja amalizie deni. Usiku mmoja wa mwezi wa tisa nikasikia "tak!", kavu, kama ganda la maharage linalopasuka juani. Nikadhani panya ameangusha kitu. Asubuhi nikaingiza tochi ya simu kwenye tundu la sauti, nikafunga dirisha, na mgongoni ukaonekana mstari wa mwanga, mwembamba kama unywele, kuanzia ufito wa tatu hadi karibu na mkia. Fito zote zilikuwa zimeshika barabara. Nilikuwa nimejisifu sana kwa ugundishaji ule, na ugundishaji ule ndio uliofanya mbao ikose pa kwenda.

Watengenezaji wengi hugundisha fito wakati unyevu wa hewa uko kati ya asilimia 40 na 50. Ukipata kipimo kidogo cha kidijitali, kihakiki kwanza: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe maji machache iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya kontena lisilopitisha hewa kwa siku nzima. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, basi kumbuka kwamba kinakudanganya kwa 7. Kama kazi haiwezi kusubiri kiangazi, pima mgongo na fito kwenye mizani ya duka, viweke ndani ya sanduku lenye balbu ya joto pamoja na kile kipimo, kisishuke chini ya asilimia 40, pima tena kila siku. Uzito ukiacha kushuka, gundisha siku hiyohiyo. Usivikaushe juu ya jiko la mkaa. Joto lake halina simile, na ule moshi usioonekana unaua watu.

Usiende kinyume chake pia, ukakausha mpaka mwisho. Gita la Uyole laweza kununuliwa na mtu wa Tukuyu, ambako mvua haina likizo, au wa Kyela kule ziwani. Likifika huko mgongo unavimba na kubinuka zaidi, nyuzi zinabadilika kimo kidogo. Hilo linavumilika kuliko kusinyaa, maana mbao hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa kwa upana. Ila ukizidisha, ncha za fito zitabanduka.

Sasa mbinuko, jambo ambalo hukulitaja hata kidogo, na ukimya wako unanitia shaka kwamba mgongo ulikuwa bapa. Mgongo bapa hauna akiba. Ukisinyaa unaanza kuzama mara moja. Mgongo uliobinuka kwa nje una cha kutoa kwanza: unajinyoosha, kisha ndipo uzame. Kipimo cha kawaida ni kuchonga sehemu ya chini ya kila ufito, ile inayogusa mgongo, ifuate duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.5. Usitishwe na hesabu. Kwenye ufito mrefu wa sentimita 40, katikati inapanda milimita 4 na kidogo kuliko ncha. Kwenye kiuno cha gita, sentimita 27 hivi, ni milimita 2 tu. Chora upinde huo mara moja kwenye plaiwudi kwa kutumia msumari, kamba isiyonyumbuka na penseli, ukate kwa uangalifu, na una kigezo cha maisha.

Turudi kwenye X. Nashuku picha uliyoiga ilikuwa ya uso wa gita, ule ubao wa mbele wenye tundu la sauti. Uso wa gita la nyuzi za chuma umebeba mzigo: nyuzi sita za kawaida zikipandishwa mpaka sauti yake huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, na mvuto huo unajaribu kulipindua daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni. X ya usoni, ambayo jina la C. F. Martin wa Marekani huhusishwa nayo tangu miaka ya 1840, inashika pale daraja linapotaka kuzama na pale linapotaka kuinuka. Mgongo hauna daraja. Mzigo wake ni mdogo: kuzisaidia mbavu, yaani mbao za ubavuni, zisiachie kipande cha mbao kinachobeba shingo kizunguke, kutunza mbinuko, na kuilinda mbao nyembamba yenyewe.

Na mbao ya mgongo tayari ni ngumu kwa urefu, kwa sababu nyuzinyuzi zake zinakwenda huko. Udhaifu wake ni upana. Fito zinazokatisha, zilizopangwa kama ngazi, zinaweka ugumu mahali unapokosekana na haziongezi mahali ambapo upo. Ndiyo sababu ngazi imebaki kuwa mpangilio wa mgongo kwa watengenezaji wengi, fito tatu kwa gita la klasiki la nyuzi za nailoni, nne kwa gita la nyuzi za chuma. X ya mgongoni ipo, na wapo mafundi wazuri wanaoitumia kwa makusudi, wakitaka sehemu ya chini ya mgongo itetemeke kama kipande kimoja kipana. Lakini kila mmoja wao anajua anatafuta nini, tena huongeza fito nyingine sehemu ya juu. Fito mbili peke yake kama zako zinaacha maeneo makubwa pembeni yasiyoshikwa na chochote, na pale zinapopishana umezikata kila moja nusu ya kimo, yaani umeweka udhaifu katikati kabisa. Ufa wako uko upande wa chini, kati ya miguu miwili ya X. Sishangai.

Kwa gita la nne weka ngazi ya fito nne. Mbili za juu ziwe nyembamba na ndefu kwa kimo: upana milimita 8, kimo 15. Mbili za chini ziwe pana na fupi: upana 18, kimo 10. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa samani hawaliamini mpaka walishike mkononi. Ukiongeza upana wa ufito mara mbili, ugumu unaongezeka mara mbili. Ukiongeza kimo mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Kwa hiyo ule wa juu, ingawa una mbao pungufu kwa theluthi moja, ni mgumu kuliko wa chini mara moja na nusu. Yule aliyekushauri fito nene zozote angekuongezea uzito bila faida. Ukitaka ugumu, ongeza kimo. Ukitaka mgongo uchangamke, ni kimo hichohicho unachopunguza kwa randa, pole pole, milimita kwa milimita.

Ncha za fito zichongwe zishuke hadi milimita 2 au 3, kisha ziingie kwenye vijishimo ulivyochonga katika utepe wa ndani unaounganisha mgongo na mbavu. Ncha inayoishia hewani ndiyo huanza kubanduka. Na kama mgongo una vipande viwili vilivyoungwa katikati, bandika juu ya kiungo hicho utepe wa mbao laini, upana sentimita 2, unene milimita 2, nyuzinyuzi zake zikikatisha kiungo. Ukiweka utepe ambao nyuzinyuzi zake zinafuata kiungo, umepamba tu.

Kuhusu wale washauri wawili: kila mmoja ameshika mguu mmoja wa tembo. Mwaka 1862 huko Hispania, Antonio de Torres alitengeneza gita lenye uso wa mbao, lakini mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Lipo hadi leo, Barcelona. Alitaka kuonyesha kwamba uso ndio unaozaa sauti. Basi mgongo si spika. Lakini si kwamba hauna kazi. Hewa iliyo ndani ya gita inabanwa na uso na mgongo kwa pamoja, na mgongo ukiwa mwepesi unaitikia, unachukua nguvu na kuirudisha, au unachukua na kukaa nayo.

Hapo ndipo ulipo uzi wako wa tatu. Ukipigwa wazi hutetemeka mara 196 kwa sekunde. Uso wa gita kubwa la nyuzi za chuma mara nyingi una mtetemo wake wa asili kati ya mara 170 na 200, na mgongo juu zaidi kidogo, 200 hadi 240. Uso ukiangukia hasa kwenye 196, unaunyonya uzi nguvu yote kwa mkupuo: sauti kubwa, fupi. Mgongo nao ukiwa umekaribia palepale, hali inakuwa mbaya zaidi. Jaribu hivi leo. Mwambie mtu apige uzi huo wazi, wewe bonyeza kiganja katikati ya sehemu ya chini ya mgongo, kisha uachie. Sauti ikibadilika waziwazi, mgongo unahusika. Halafu bandika sarafu ya shilingi 200 mahali hapo kwa utepe, msikilize tena. Uzito huteremsha mtetemo wa mgongo. Tatizo likipungua, mgongo unatakiwa ushuke, na kwenye gita la baadaye utapunguza kimo cha fito mbili za chini. Likizidi, unatakiwa upande. Lisipobadilika kabisa, basi ni uso, na hilo ni swali la siku nyingine. Ila usichonge chochote sasa hivi, kwa sababu mgongo uliodidimia hausemi ukweli wake.

Angalia pia wapigaji wako wanavyolishika gita. Mwanakwaya akisimama na mkanda, analibana tumboni, na sweta la Juni la Mbeya linanyamazisha mgongo wowote ule. Kwa watu hao mgongo mgumu kidogo, unaorudisha sauti badala ya kujitetemesha, una faida kuliko ule laini unaosifiwa na wanaopiga wameketi peke yao chumbani.

Paini ya Sao Hill inafaa, ila si kila ubao unaoshushwa Mafinga. Paini ya mashambani hukua haraka, kwa hiyo miviringo yake ya mwaka ni mipana na mbao ni laini, na mara nyingi nyuzinyuzi zinazunguka mti kama ngazi ya mnara. Tafuta kipande cha mti mzee, miviringo imebanana, hakina fundo wala utomvu. Usikikate kwa msumeno kwanza. Kipasue kwa panga na nyundo. Mpasuko ukienda wima, una fito. Ukipinda, una kuni. Kisha hakikisha miviringo inasimama wima ndani ya ufito, kama kurasa za kitabu kilichosimama rafu. Mimi napendelea saipresi ikipatikana, kwa wepesi wake na harufu yake, na harufu nakiri haina uhusiano wowote na sauti. Milingoti tuwaachie watu wa nguzo za umeme.

Kwa kubana wakati wa kugundisha huhitaji klampu ndefu za bei mbaya. Weka mgongo juu ya meza, ubao imara juu yake kwa kimo cha nusu mita, kisha pindisha vipande vyembamba vya mianzi kati ya ubao huo na ufito. Mwanzi uliopinda unasukuma kwa nguvu ile ile ufito mzima. Huku kwetu mianzi ya ulanzi haikosekani, na bei yake ni ya urafiki.

Na gita la sasa? Usijaze ufa kwa gundi na unga wa mbao. Ukiujaza ukiwa wazi, masika mgongo utavimba ukose nafasi, na kiangazi utapasuka pembeni ya kiraka. Legeza nyuzi, liweke gita ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni pamoja na sifongo iliyokamuliwa vizuri ndani ya kikopo kilichotobolewa, isiguse mbao. Angalia kila asubuhi. Baada ya siku kadhaa, pengine wiki, ufa utajifunga wenyewe na mgongo utapanda. Hapo sukumia gundi nyeupe ya mbao kwa kidole mpaka itokee upande wa pili, futa, bana, na kupitia tundu la sauti bandika kwa ndani vipande vitatu vidogo vya mbao, nyuzinyuzi zikikatisha ufa. Hilo litakupa gita la kufanyia mazoezi ya kwaya. Tiba kamili ni kuubandua mgongo na kuweka fito upya hewa ikiwa ya wastani, na kwa gita lako mwenyewe, ambalo si la mteja, ningefanya hivyo.

Kuna hali ambazo sitaki uzishughulikie kwa maandishi haya peke yake. Kama ufa unafika kwenye kipande cha mkia, kama kiungo cha katikati kimeanza kuachia, au kama nyuzi zimeinuka juu ya shingo kuliko zamani ilhali hujagusa kitu, basi kipande kinachobeba shingo huenda kimesogea, na gita hilo linatakiwa lishikwe na mtu aliyezoea kufungua magita. Vivyo hivyo kama unafikiria kubandua mgongo kwa pasi ya moto na hujawahi kuona mtu akifanya. Ukilisafirisha, legeza nyuzi kwanza, lala nalo kwenye kiti cha basi kama mtoto, na konda akikwambia buti ina nafasi, mwambie buti ina joto.